Mtambo wa umeme wa mabaki ya mazao tuujenge wapi? Shajara ya mradi, Dodoma na Singida

Machi 6

Tumeanza rasmi. Kazi tuliyopewa ni moja tu ila kwangu mi ndo ngumu kuliko zote kwenye huu mradi: kutafuta sehemu ya kujenga mtambo wa umeme wa tungamotaka (biomasi) hapa kanda ya kati, utakaotumia mabaki ya mazao na usiguse mti hata mmoja. Naandika kila hatua kwa sababu ripoti nyingi za miradi kama hii ukizisoma zinaeleza mtambo wenyewe, kilowati ngapi, gesifaya (tanuri linalogeuza mabaki makavu kuwa gesi ya kuendeshea injini) ya aina gani, halafu swali la "wapi" linapewa aya moja mwishoni, wakati naamini kabisa mtambo unaishi au unakufa kutokana na mahali ulipokaa.

Hesabu ya kwanza kabisa tuliyoiweka ukutani ofisini ni hii. Megawati 1 ikifanya kazi saa 7,000 kwa mwaka inatoa yuniti milioni 7. Mitambo midogo inakula kama kilo 1.3 mpaka 1.5 za mabaki makavu kwa kila yuniti, kwahiyo unaongelea tani 9,000 mpaka zaidi ya tani 10,000 kila mwaka, kila mwaka yaani, hata ule ambao mvua imekata Februari na watu wamevuna magunia mawili.

Ndo maana ukiangalia mitambo ya tungamotaka iliyodumu nchini inafanana kitu kimoja. TPC kule Moshi na Kilombero wanachoma mabaki ya miwa ya kiwanda chao wenyewe. TANWAT Njombe wana megawati 2.5 za mabaki ya miti ya shamba lao. Mabaki yanatoka mlango huu yanaingia mlango ule. Sisi huku kati hatuna kiwanda cha sukari wala msitu wa kupanda wa ukubwa ule, tuna mahindi, mtama, uwele, alizeti, karanga, mpunga kidogo na zabibu, na vyote vimetawanyika kwenye mashamba madogo madogo. Kwahiyo swali letu ni wapi huku kuna kitu kinachofanana na huo mlango.

Machi 20

Wiki mbili hizi tumekaa kwenye kompyuta tu. Dada yetu wa ramani anatumia QGIS, programu ya kuchorea ramani, ya bure na inatosha kabisa. Tumeanza kwa kufuta, maana kufuta ni rahisi kuliko kuchagua. Yametoka mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero, huku Manyoni yametoka Muhesi na Kizigo. Eneo la michoro ya miambani ya Kondoa, ambalo UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, limetoka na nafasi kubwa kulizunguka. Vichaka vya Itigi vimetoka pia japo sehemu kubwa haina ulinzi wowote wa kisheria, hili tumeamua wenyewe na niko tayari kulitetea mbele ya yeyote: mtambo ukiwekwa jirani na vichaka vile siku mabaki yakipungua meneja ataanza kununua kuni, na ukishanunua lori la kwanza hurudi nyuma. Halafu mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa, hiyo ni Sheria ya Mazingira ya 2004, na miteremko mikali.

Baada ya kufuta inakuja sehemu yenye shida, kujua mabaki yako wapi. Tuna sensa ya kilimo ya 2019/20 na tuna ramani ya ESA (shirika la anga la Ulaya) ya matumizi ya ardhi ambayo inaona mpaka mita 10. Sensa inakwambia zao lakini haifiki mpaka shambani, ramani inakwambia hapa ni shamba lakini haisemi ni shamba la nini. Ukivichanganya ukazidisha na viwango vinavyojulikana, mfano kilo 100 za mahindi zinaacha kilo 20 mpaka 30 za magunzi na karibu kilo 200 za mabua, kompyuta inakupa ramani nzuri yenye rangi, Kongwa nyekundu kabisa, Chemba na Kondoa rangi ya chungwa, Bahi imepauka haina kitu.

Mwenzetu mmoja (fundi mitambo) alifurahi akataka tuanze kuongelea megawati 1 Kongwa siku hiyohiyo. Mi nikasema hii ramani inaonyesha kilichoota, haionyeshi kinachobaki, twende kwanza.

Aprili 9

Barabara. Mvua za mwisho mwisho. Kutoka lami ya Dodoma kwenda Kondoa, ile ya kuelekea Babati, ukichepuka tu kuingia vijijini upande wa Chemba kwenye udongo mweusi wa mbuga, gari linakaa. Mwezi wa kwanza mpaka wa nne vijiji vingine hata bodaboda hazipiti. Hii tumeiandika kama kigezo: mtambo unaotegemea mabaki ya vijiji vya mbuga lazima uwe na ghala la kubeba mafuta yake, yaani mabaki ya kuchoma, ya miezi minne, na ghala la pumba na magunzi ni kubwa balaa kwa sababu hivi vitu ni vyepesi vinajaza nafasi.

Na umbali una tabia yake ambayo wengi hawaiangalii. Ukipanua duara la kukusanyia kutoka kilomita 10 kwenda kilomita 20, mabaki yanaongezeka mara 4, sawa, ila kazi ya malori ukiipima kwa tani mara kilomita inaongezeka mara 8. Hapo nimechukulia njia imenyooka kama rula, wakati barabara za huku zinazunguka vilima na makorongo. Kwahiyo mtambo ukiwa mkubwa mara nne haimaanishi yuniti inakuwa rahisi, kuna mahali dizeli ya malori inakula faida yote.

Aprili 24

Tumelala Kongwa. Kabla sijaandika ya leo niseme kidogo kuhusu hapa maana haiwezekani ukaja Kongwa kuchagua sehemu ya mradi ukaacha kuwaza karanga za Waingereza. Mwaka 1946 walituma ujumbe wa John Wakefield kukagua, wakazunguka wiki chache tu na sehemu nyingi waliziangalia kutoka kwenye ndege, wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3 Afrika Mashariki na Kati. Kazi ikaanza 1947 hapahapa Kongwa. Udongo wa hapa mvua ikiisha unakauka unakuwa kama zege, majembe ya matrekta yakaisha, mvua zenyewe hazikutosha, mpaka 1951 mpango umeachwa na zaidi ya pauni milioni 30 zimepotea. Wagogo walikuwa wanaishi hapa muda wote huo wanajua mvua inavyokuja na inavyokata. Mi nachukua somo moja tu la kazi yetu: kila sehemu itakayobaki kwenye orodha lazima tuikanyage kipindi cha mvua na kipindi cha kiangazi, na lazima tuongee na waliozeekea hapo.

Mei 28

Nimerudi Kongwa mavuno yanaendelea, na leo ndo ramani imeanza kubadilika rangi.

Tulisimama kwenye shamba la mzee mmoja nje kidogo ya mji. Mahindi yameshavunwa, mabua bado yamesimama, na ndani kuna ng'ombe, wengi tu, wanavunja mabua wanakula majani, watoto wawili wanawaangalia. Nikamsalimia mzee shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, nikamuuliza haya mabua baada ya hapa mnayafanyia nini. Akaniangalia kwa muda. Akasema, "Baada ya hapa? Mwanangu, haya ndo majani yetu mpaka Desemba. Ukiyachukua haya unachukua ng'ombe wangu."

Tukapiga hesabu pale pale kwenye bodi la gari. Ng'ombe mmoja wa kilo 250 anahitaji kama kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Kundi la ng'ombe 100 kwa miezi minne ya kiangazi linamaliza tani 70 na kitu. Ukihesabu makundi yaliyopo Kongwa, wilaya ambayo ina ranchi ya taifa na kituo cha utafiti wa mifugo kwa sababu ni nchi ya ng'ombe tangu zamani, yale mabua yote mekundu kwenye ramani yana mwenyewe tayari. Na yanayobaki baada ya ng'ombe ndo yanazuia udongo usiende na upepo. Kuna watu wanaita hivi vitu taka za kilimo, mi naomba tuache kuviita hivyo, hakuna taka kwenye shamba la mkulima wa Kongwa.

Kondoa ndo kabisa. Pale serikali ilianzisha HADO, mradi wa hifadhi ya ardhi Dodoma, mwaka 1973 kwa ajili ya makorongo ya mmomonyoko, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika ili ardhi ipumue. Watu walilipa gharama kubwa kuirudishia ile ardhi uoto wake. Leo mimi nije na trela nikusanye mabua? Hapana. Tumefuta mabua yote ya shambani kwenye hesabu, mikoa yote miwili, mahindi, mtama na uwele. Tumebakiza mabaki ya mashineni tu, yale yanayotoka wakati wa kukoboa, kupukuchua, kubangua na kukamua. Fundi wetu alinung'unika maana tani zilishuka vibaya, ila alikuwepo pale shambani na aliona.

Juni 3

Kibaigwa. Soko kubwa la mahindi, malori kutoka kila upande, kwenye ramani lilikuwa ndo sehemu yetu ya kwanza. Ni lami ya Morogoro, umeme upo, watu wapo, wafanyabiashara wapo.

Kitu kimoja hakipo: magunzi. Mahindi yanafika Kibaigwa yakiwa punje kwenye magunia. Yanapukuchuliwa kijijini na zile mashine zinazovutwa na trekta zinapita nyumba hadi nyumba, magunzi yanabaki uani kwa mwenye mahindi, na akina mama wanayapikia. Mama mmoja alituambia magunzi yanamsogeza karibu mpaka Septemba bila kununua mkaa. Sasa shamba linalotoa tani moja kwa hekta, ambayo kwa huku ni mwaka wa kawaida tu, linaacha kama kilo 250 za magunzi, ukitaka tani 2,000 unatakiwa kuzunguka hekta 8,000 nyumba kwa nyumba na kumnyang'anya kila mama kuni zake. Halafu tumuuzie umeme ambao hawezi kupikia kwa bei ile. Kibaigwa imetoka.

Inauma kidogo kwa sababu gunzi ni mafuta mazuri sana ya gesifaya, lina ukubwa mzuri, hewa inapita, majivu machache.

Juni 17

Singida, alizeti. Hapa matumaini yalikuwa makubwa maana Singida na alizeti ni kitu kimoja, na ganda ni robo hivi ya uzito wa punje. Tumetembea kwenye mashine za kukamua mjini na njiani kurudi upande wa Ikungi na Manyoni.

Karibu mashine zote ndogo tulizoingia zinakamua punje na ganda lake. Hawabangui kwanza. Ganda linaingia ndani ya mashudu, mashudu yanauzwa chakula cha mifugo, basi, hamna ganda la kuchoma. Viwanda vikubwa vyenye mashine za kubangua ndo vina maganda, na vingi vinayachoma vyenyewe kwenye boila zao, jambo zuri tu, wao ndo wamejenga mlango kwa mlango kama nilivyosema mwanzoni. Tumepata kiwanda kimoja cha kati ambacho maganda yanamzidi na anayarundika nyuma ya ukuta, mwenyewe ameomba tusimtaje kwa sasa. Tumekiweka kwenye orodha kama namba mbili. Tahadhari yake ni ya kiufundi: majivu ya ganda la alizeti yana potasiamu nyingi, kwenye joto kali yanayeyuka na kuganda ndani ya mtambo, kwahiyo kabla ya kuamua chochote sampuli inapimwa.

Karanga tumepita haraka, maganda yapo lakini yametawanyika kama magunzi. Machicha ya zabibu ya Dodoma ni mabichi, yanafaa gesi ya kuozesha, ni mradi mwingine.

Julai 8

Bahi. Naandika kirefu leo.

Kwenye ramani Bahi ilikuwa imepauka, kwa sababu eneo la mpunga ni dogo ukilinganisha na mahindi na mtama ya wilaya nyingine. Ila skimu ya Bahi Sokoni inapata maji ya mto Bubu, mpunga unalimwa, na mpunga una tabia ambayo mahindi hayana: hakuna anayekula bila kukoboa, na hakuna anayekobolea nyumbani kwa wingi, unakwenda mashineni na ganda linabaki mashineni.

Tumefika mchana jua kali. Nyuma ya mashine kuna kilima cha pumba ngumu, zile za nje, siyo zile laini za kulishia kuku ambazo zina soko lake. Kilima kimepita urefu wa mtu. Upande mmoja kinaungua polepole bila moto kuonekana, moshi mzito wa kijivu unatambaa chini chini kuelekea kwenye nyumba, na kijana wa mashine ametuambia wanauwasha makusudi kwa sababu hamna pa kuzipeleka, wachoma matofali wanachukua kidogo, wafuga kuku kidogo, zinazobaki zinachomwa ili kupata nafasi ya nyingine. Nilikaa pale nikaona hii ndo sehemu ya kwanza toka Machi ambapo mabaki hayana mwenyewe na yanamuumiza mtu, maana huo moshi kuna watoto wanaulalia.

Tukapima. Tulijaza pumba kwenye gunia la kawaida lile linalobeba kilo 100 za mahindi, tukashindilia kwa mikono, tukaweka kwenye mizani. Halikufika hata kilo 20. Kwa vitabu pumba za mpunga zina kama kilo 100 mpaka 120 tu kwa mita moja ya ujazo, ila ukiona mizani mwenyewe ndo unaelewa: Fuso ambalo lingebeba tani 10 za mahindi linajaa pomoni na tani 3 za pumba. Ukilipeleka kilomita 50 unalipia dizeli ya kusafirisha hewa. Pumba hazisafiri. Mtambo ndo uzifuate, na uzifuate mpaka ukutani kwa mashine.

Jioni hesabu. Pumba ni kama asilimia 20 ya uzito wa mpunga. Mtambo wa kilowati 100 ukifanya kazi saa 6,000 unatoa yuniti 600,000, kwa kilo 1.5 kila yuniti unahitaji tani 900 za pumba, yaani lazima tani 4,500 za mpunga zikobolewe jirani na pale kwa mwaka, kama tani 15 kwa siku kwa siku 300. Ukitaka kilowati 300 unahitaji tani 13,500 za mpunga. Kwahiyo swali la ukubwa wa mtambo linageuka kuwa swali la daftari la mwenye mashine: anakoboa magunia mangapi, miezi gani, na mwaka ule mbaya alikoboa mangapi.

Julai 22

Madaftari. Wenye mashine wanaandika, asikudanganye mtu, wanaandika kwenye madaftari ya shule, jina la mteja, magunia, hela. Tulikaa na mama mmoja mwenye mashine kutwa nzima, tumepiga picha kurasa za misimu iliyopita kwa ruhusa yake. Sitaweka namba zake hapa maana ni biashara yake. Ila umbo linaonekana wazi: kazi inapanda kuanzia Juni, inakuwa juu mpaka Oktoba, inashuka, na msimu ambao Bubu haukuleta maji ya kutosha kurasa zinakuwa nyeupe miezi mingi.

Huyu mama kaniuliza swali ambalo sijalisoma kwenye ripoti yoyote. "Sasa hivi pumba nawapa bure hata nashukuru mkizitoa. Mkishajenga, mwenzangu hapo jirani akianza kuwauzia, na mimi nitawauzia. Mtakuwa mmejiandaaje?" Nimelichukua hili kwa uzito wote. Kitu ambacho leo kinachomwa, siku kikianza kuzalisha hela kinapata bei, na mradi uliopigiwa hesabu kwa mafuta ya bure unaanguka mwaka wa pili. Jibu letu kwa sasa ni mapatano: mwenye mashine analeta pumba, anapata umeme wa kuendeshea mashine yake kwa bei nafuu iliyoandikwa kwenye mkataba, na anakuwa na hisa. Mashine nyingi pale umeme ndo gharama kubwa ya kukoboa, kwahiyo wana sababu ya kutaka mtambo uishi. Hii inatuonyesha pia kuwa sehemu nzuri ni ile yenye wenye mashine kadhaa waliokaa karibu karibu wanaoweza kukaa meza moja, kigezo ambacho hakuna setilaiti itakayokuonyesha.

Agosti 12

Tumetoka Nanenane, Nzuguni. Nilienda hasa kwenye mabanda ya mkaa mbadala. Toka serikali ilipoagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, watengenezaji wa mkaa wa mabaki wanatafuta malighafi kila kona, magunzi, maganda, vumbi la mbao. Nimeongea nao wengi. Pumba za mpunga hawazipendi sana kwa sababu majivu ni mengi, karibu moja ya tano ya uzito, na yana silika (madini magumu kama ya mchanga) inayokula mashine zao. Kwetu hiyo silika ni shida pia lakini ndo inapunguza ugomvi wa kugombania. Sitaki kushindana na mkaa mbadala hata kidogo, mwanamke wa Dodoma anahitaji nishati ya kupikia kabla ya mimi kuhitaji pumba.

Majivu yenyewe: tani 900 za pumba zitaacha kama tani 180 za majivu kila mwaka. Hii nayo ni suala la eneo. Unahitaji shimo au mtu wa kuyachukua, na unahitaji kujua upepo. Kiangazi upepo wa huku unatoka zaidi mashariki na kusini mashariki, na unavuma kweli, kwahiyo mtambo na rundo lake vikae magharibi ya makazi. Na moto pia, rundo la pumba kavu mwezi wa tisa na upepo ule, unataka uwanja wazi na maji ya kuzimia.

Agosti 27

Maji na waya.

Boila ya mvuke tumeiondoa. Kanda hii inapata mvua ya milimita 500 mpaka 800 hivi kwa mwaka, mji wa Dodoma wenyewe unategemea visima vya Makutupora, hatuwezi kuja na mtambo unaopooza kwa maji mengi. Na maji ya Bahi mengi yana chumvi, yanaharibu boila. Gesifaya inahitaji maji kidogo ila gesi ikisafishwa kwa maji, maji yale yanatoka na lami (utomvu mweusi wa moshi), hayaruhusiwi kugusa mfereji wa mpunga hata tone, ndo maana tumeandika kusafisha gesi kwa njia kavu kama sharti. Bila sharti hilo mi sitasaini.

Upande wa waya, mstari wa msongo wa kati haupo mbali na mashine. Kwa taratibu za EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, chini ya megawati 1 hauhitaji leseni, unajisajili, na mfumo wa wazalishaji wadogo unaruhusu kumuuzia TANESCO kuanzia kilowati 100 mpaka megawati 10, na toka 2015 tungamotaka ina bei yake elekezi. Mpango wetu ni mashine za kukobolea kwanza, ziada iende gridi. NEMC, baraza la mazingira la taifa, kuna tathmini ya mazingira. Ardhi kama ni ya kijiji inapita mkutano mkuu wa kijiji, Sheria ya 1999, na hilo tunataka lifanyike kwa uwazi wakati watu wapo, siyo msimu wa kulima wakati wote wako shamba.

Septemba 10

Kikao cha kuamua. Dada wa ramani alirudisha ramani upya, safari hii kaondoa mabua, kaondoa magunzi ya majumbani, kaondoa alizeti isiyobanguliwa, kaweka mashine za kukoboa moja moja kama nukta badala ya mashamba. Ile rangi nyekundu ya Kongwa imefutika yote. Bahi ndo imewaka, na nukta moja ndogo upande wa Singida.

Ubishi ulikuwa kwenye ukubwa. Fundi anataka kilowati 300, hoja yake ni nzuri, gharama ya kila kilowati inashuka mtambo ukiwa mkubwa, na mwaka mzuri pumba zipo. Mi nimesimamia mwaka mbaya. Huku Ugogo mwaka mbaya siyo bahati mbaya, ni sehemu ya kalenda, unakuja tu, na mtambo uliopimwa kwa mwaka mzuri ukifika mwaka mbaya una mawili, usimame na mkopo uendelee, au uingie porini kutafuta kuni. Tumebishana mpaka chai imepoa. Tumekubaliana hivi: mtambo wa kwanza ni kilowati 100, kiwango ambacho kurasa za msimu mbaya zinaweza kukibeba tukihifadhi pumba za ziada za msimu mzuri kwenye ghala lenye paa, na jengo liachiwe nafasi ya kuongeza gesifaya ya pili wenye mashine wenyewe wakitaka. Na kwenye mkataba wa ununuzi wa mafuta kunaandikwa wazi kuwa kuni na mkaa haviingii getini, mwaka wowote ule.

Orodha inayokwenda kwa wafadhili: namba moja Bahi, jirani na kundi la mashine za kukoboa, magharibi ya makazi, nje ya eneo linalotuama maji ya mbuga. Namba mbili ni kiwanda cha alizeti, kwa sharti la majibu ya majivu. Kongwa, Kibaigwa, Chemba na Kondoa hazimo, na sababu ya kila moja imeandikwa kwa kirefu ili asije mtu baada ya miaka mitano akaona ramani nyekundu akaanza upya.

Septemba 24

Wenye mashine wamekubali tuweke mizani na mtu wa kupima pumba kila siku mpaka Desemba, tuone mwisho wa msimu unavyokuwa. Sampuli za maji ya kisima zimeshachukuliwa, tunasubiri majibu ya chumvi. Sampuli za majivu ya alizeti zimeenda maabara. Januari, mvua zikishika, tunarudi kukanyaga kiwanja kilekile kikiwa na maji, kabla mtu yeyote hajachimba msingi.